Picha ya Mpiga Picha

Wifi, dada wa marehemu, alisimama mlangoni mwa studio, hakuingia. "Wanaulizia picha ya kuweka juu ya jeneza. Ile ya kitambulisho hapana, kakangu anaonekana kama mtu aliyekamatwa."

Mjane aliitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake, mzito. Marehemu alipiga picha za harusi za mtaa mzima, yeye mwenyewe hakuacha hata moja ya maana. Kinyozi hajinyoi. Tumaini pekee lilikuwa kadi ya kumbukumbu iliyokutwa kwenye mkoba wa kamera, maana kabla ya kila kazi alijipiga picha kwanza mwenyewe kujaribu mwanga.

Alichomeka kisomeo cha kadi kwenye kompyuta. Taa ikawaka. Kwenye skrini, kimya.

Akamwita shemeji, mdogo wa marehemu, aliyeiwekea kompyuta ile mfumo wa Linux baada ya virusi kuimaliza. Shemeji akavuta kiti cha wateja, akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika *lsblk*, amri ya kuorodhesha diski.

"Ona, shem. Kisomeo hiki hapa, *sdb*. Lakini ukubwa sifuri. Mlango upo, ndani hamna mtu."

"Kadi nimeiweka."

"Hukuigeuza kichwa chini?"

"Mimi nimeolewa na mpiga picha, si muuza nyanya."

Hakucheka. Shemeji alicheka kwa niaba ya wote wawili, kisha akaona haya.

Mjane akaichomoa kadi. Marehemu alikuwa na mtindo wake: kila kadi aliibandika selotepu yenye jina la mwenye shughuli, zisichanganyike. Hii selotepu ilikuwa imejikunja hadi nyuma, ikaziba vibati vya rangi ya dhahabu vinavyogusana na kisomeo. Aliibandua kwa ukucha, akafuta kadi kwa upindo wa kitenge, akairudisha.

Shemeji akaandika tena amri ileile. Sifuri ikageuka giga. Folda ikafunguka.

Picha ya kwanza: marehemu, mkono mmoja ameunyoosha kuishika kamera, macho ameyafumba.

"Kaka bwana," shemeji akanong'ona. "Hata yake kaiharibu."

Wakatafuta nyingine. Wote waliobaki ni wageni wa harusi ya watu.

Mjane akairudia ile ya kwanza, akasubiri kilio kije. Hakikuja. Aliona tu kifungo cha kola, alichokishona yeye kwa uzi usiofanana.

"Chapa hiyo."

"Shem, watu watasema."

"Waseme. Humo ndani ya jeneza amefumbua?"

Wifi, pale mlangoni, akasogea kumpisha. Mjane akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaenda kutafuta karatasi ya kung'aa.