Mwonjaji Katika Ukoo wa Mashemasi

Nyumbani, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale huku Uganda, walijua kwamba nafanya kazi hotelini Mbarara, kupokea wageni. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa sana. Wageni nilikuwa nikiwapokea kweli, ila niliwapokea nikiwa nyuma ya kaunta, mgongoni kwangu rafu ya chupa na mkononi kitambaa cha kufutia glasi. Kanisa letu halinywi. Baba yangu alikuwa shemasi tangu kule Kivu Kusini, na tulipofika kambini miaka ya mwisho ya tisini, kabla hajapata hata miti ya kujengea nyumba, alikuwa ameshapata watu wa kusali nao. Binti wa mtu kama huyo hauzi pombe. Basi mimi nikawa napokea wageni, na kila mwisho wa mwezi napeleka sukari, sabuni na ada ya shule ya mdogo wangu, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Afadhali ningekuwa nauza tu. Mwenye baa, mama mmoja Mnyankole mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa ameshaumizwa mara kadhaa na chupa za uongo: lebo ya ng'ambo, ndani waragi, gongo ya Uganda, iliyotiwa rangi kwa sukari ya kuunguza. Siku moja nilikuwa nammiminia mteja, harufu ikanigonga, nikamwambia bosi kwamba hii siyo. Akabisha. Akafungua nyingine ya katoni ile ile, akanusa, akaonja, kisha akaenda mlangoni kumtukana aliyemuuzia, ingawa mtu huyo alikuwa ameshaondoka zamani. Tangu hapo kila mzigo ulipoingia aliniita.

"Nyabo, kuja onja. Hii ni yenyewe ama ni feki?"

Nilionja kwa ncha ya ulimi, nikatema kwenye ndoo. Nikajiambia kwamba kutema si kunywa. Baadaye nikagundua kuwa ukitema mapema hujui kinywaji kinaishia wapi kooni, nikaanza kumeza kidogo, kwa ajili ya kazi. Nacheka ninapoandika hivyo, na kicheko chenyewe si kizuri.

Bourbon ndiyo niliyoielewa upesi. Ni wiski ya Wamarekani, inapikwa kwa mahindi, na mimi nimekulia kwenye mahindi, ya shambani na ya mgao. Inapotoka kwenye mtambo ni nyeupe kama lutuku, ile pombe kali ambayo Wakongo wenzangu waliipika kwa siri nyuma ya nyumba zao. Rangi na utamu inavipata baadaye, ndani ya mapipa ya mbao yaliyochomwa upande wa ndani mpaka yakawa makaa. Ile changa, ya miaka minne hivi, inakuja na moto, lakini nyuma ya moto unakuta hindi la kuchoma na kitu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ile kongwe, ya miaka kumi na miwili, ni laini na inanukia vanila na ngozi ya viatu vipya. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi imekaa na mbao kupita kiasi, kwa hiyo mwishoni inakuwa chungu kama chai iliyosahauliwa motoni na majani yake ndani.

Wateja wetu, wenye ng'ombe wao na walimu wa chuo kikuu, waliagiza kongwe kwa sababu ilikuwa ghali na walitaka meza ya jirani ione lebo. Mimi nilipenda changa. Kwa bei ya kongwe moja ungenunua changa mbili na ukabaki na nauli ya kukufikisha Isingiro. Mabishano haya niliyapenda, na wateja walipenda kunichokoza ili wanisikie. Nilikuwa najua tofauti ya pipa na pipa kuliko nilivyozijua Zaburi, na hilo linanichoma hata leo.

Mwaka 2013 mdogo wangu huyo wa kiume akapata mchumba, Mkongomani mwenzetu, wa familia ya Kikatoliki. Wakatoliki wa kwetu hawana ugomvi na glasi. Walipotuletea orodha ya mahari, pamoja na mbuzi, vitenge na suti ya baba mkwe, kulikuwa na chupa mbili za wiski ya Wazungu kwa ajili ya wazee. Mashemasi waliguna. Walikaa kikao, wakasali, wakakubaliana kwamba kubeba si kunywa. Mimi nikajitia kimbelembele nikasema nitazitafuta Mbarara kwa bei nzuri, kwa vile hotelini nafahamiana na watu. Nikanunua bourbon mbili, kongwe moja kwa ajili ya macho ya watu, na changa moja kwa ajili ya koo la mzee mwenyewe. Niliona nimetumia akili.

Sasa, kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeionja kwanza mbele ya wenyeji, ijulikane kwamba haina sumu. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua. Na katika ukoo wetu mnywaji alikuwepo: baba yangu mdogo, ambaye angeifanya kazi hiyo kwa moyo wote na angeomba aongezewe. Lakini asubuhi ya safari mashemasi walimkatalia kupanda pikapu, asije akatuaibisha mbele ya wakwe. Tukamwacha amesimama barabarani na koti lake. Tukaondoka na mbuzi, vitenge, suti na pombe, na kati yetu hakuna hata mmoja wa kuinywa.

Wenyeji walitupokea chini ya turubai, upande wa pili wa ziwa la Nakivale. Wanaume wetu walikaa kwenye viti vya mbele, sisi wanawake kwenye mikeka nyuma yao. Mambo yalikwenda vizuri. Mbuzi walikaguliwa, vitenge vikapimwa, suti ikamtosha mzee. Kisha mzee huyo, baba wa binti tuliyemfuata, akaziweka zile chupa mbili kwenye kigoda, akazifungua, akamimina kidogo kidogo kwenye glasi mbili, akaegemea nyuma.

"Sisi hapa, mwenye kuleta pombe njo anaonjaka wa kwanza."

Msemaji wetu, mzee wa kanisa, akakohoa. "Papa, mutusamehe. Sisi tuko batu ba kanisa. Hatukunywaka."

"Na sisi tuko batu ba pori?" Watu wake wakacheka, yeye hakucheka. "Munaleta kitu, kisha munakiogopa? Basi mukirudishe. Na mbuzi murudi nazo."

Mdogo wangu alikuwa amekaa katikati na suti ya kuazima, anatazama viatu vyake. Mchumba wake alikuwa bado ndani ya nyumba, hajatolewa, na kwetu binti asiyetolewa ni wa baba yake bado. Msemaji akawageukia wajomba na baba zetu wakubwa. Kila mmoja akamtazama wa pembeni yake. Mmoja akapendekeza pikipiki iende kumleta baba mdogo. Baba wa binti akasema hawezi kukaa akisubiri mlevi aletwe kama daktari. Akaanza kufunika chupa.

Nikainuka. Mama akanishika kitenge.

"Ikala, mama," akaninong'oneza. Kaa chini.

Sikukaa. Nilipita kati ya viti vya wanaume, nikapiga magoti mbele ya kigoda. Nilikuwa na mpango. Nilitaka nimeze haraka, nikunje uso, nikohoe mpaka machozi, kama msichana wa kwaya aliyejitoa kwa ajili ya ndugu yake. Wangenihurumia, na yangekwisha hapo. Lakini mikono ina mazoea yake. Nilijiona nimeinua glasi kwenye mwanga kutazama rangi. Nikanusa, mdomo wazi kidogo, kama nilivyozoea. Nikachukua funda dogo, nikalizungusha kwenye ulimi, nikameza, nikatoa pumzi puani. Halafu nikaomba tone la maji la kufungulia harufu. Sijui hata niliwezaje kuomba maji.



Baba wa binti akaegemea mbele. "We binti, kule Mbarara unatumikaka kazi gani?"

"Ninauzishaka pombe, papa." Nilisema bila kugeuka.

"Basi uniambie." Akasoma miaka kwenye lebo, akagusa kongwe, kisha changa. "Hii ya muzee na hii ya kijana, gani iko muzuri kupita?"

Ningeweza kusema sijui. Ingekuwa angalau heshima kidogo kwa mama yangu, ambaye bado alikuwa ameketi pale pale nilipomwacha na mkono wake mtupu. Nikajibu. Nilimwambia ile ya mzee imekaa mingi mu mbao, mwisho wake iko chungu, na sehemu kubwa ya bei yake ni miaka tu. Nikamwambia hii ya kijana ingali na mahindi yake ndani, ainuse, atayasikia, na kwamba kwa pesa ya ile angepata mbili za hii. Alionja moja, akaonja nyingine, akanitazama tena, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Na mimi nikacheka naye. Hapo ndipo uso wangu unapowaka hadi leo ninapokumbuka. Kuonja nilionja kwa ajili ya ndugu yangu, hilo naweza kulitetea. Lakini nilinogewa. Nilifurahi kuulizwa na kusikilizwa, nikasahau kabisa nani wamekaa nyuma yangu.

Mzee akawapa ndugu zake ile kongwe, akaificha ile changa chini ya kiti chake, akaagiza binti atolewe. Vigelegele vikapigwa. Niliporudi kwenye mkeka nilikuta wanawake wa kanisa letu wamesogea pande zote mbili, nafasi yangu imekuwa pana, mtu angeweza kulala. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Baba, kule mbele, alikuwa anawatazama mbuzi ambao hawakuwa wake tena. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakati wa kurudi waliimba nyimbo za shangwe garini, na hakuna aliyenisemesha.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kanisani kwetu divai haiingii, tunatumia soda nyekundu kwenye vikombe vidogo, na baba ndiye aliyebeba sinia upande wa wanawake. Nilimwona akija benchi kwa benchi. Akamwinamia mwanamke wa kushoto kwangu, naye akachukua kikombe. Kisha akapiga hatua moja, akamwinamia wa kulia kwangu. Mimi akanipita. Hakunitazama. Niliinamisha kichwa, nikahesabu nyufa za sakafu, maana nilijua wote wanatazama shingo yangu.

Mchungaji akasema maneno yake, watu wakanywa. Nilipoinua macho nilimwona baba amesimama mbele, kikombe chake mkononi. Hakukinywa. Akakirudisha kwenye sinia kikiwa kimejaa, akaweka sinia mezani, akaacha kiti chake cha shemasi akaenda kukaa benchi la mwisho la wanaume, karibu na mlango. Mchungaji alimwangalia, akasubiri, kisha akaanzisha wimbo.

Tulitoka pamoja. Alitembea mbele yangu kama kawaida yake, na mimi nikamfuata mpaka tulipowaacha watu. Nikamwuliza kwa nini hakunywa, wakati kosa ni langu peke yangu.

"Nilijuaka," akasema, bila kusimama. "Kitambo. Nilijuaka, na sukari yako nilikula."

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amepika chai, akaniuliza kama nataka sukari.