Boksi la Somo

Kiwandani wanamwita Mama Kataa. Nikilisikia jina hilo hasira hunipanda, maana huyo ni shangazi yangu, ndugu wa baba tumbo moja, na sijapata kumwona akimnyima mtu hata chumvi.

Kiwanda chao kinatengeneza mipira ya dripu. Mzigo ukishafungwa, shangazi huchukua boksi, humulika msimbo wa mistari kwa skana, kisha hulinganisha kilichotokea kwenye kompyuta na maandishi ya boksi: namba, aina, tarehe ya kuisha muda. Vikipishana, anagonga muhuri mwekundu, na zamu nzima inabaki kubandua lebo na kubandika upya. Basi ndiyo chuki yenyewe hiyo! Saa ya chakula meza ndefu inachangamka kwa vicheko, naye yuko dirishani na kikopo chake.

Aliyekaa naye ni mmoja tu, mchapishaji wa lebo. Kwa kuwa wana jina moja, waliitana somo. Walikuwa chanda na pete. Huyo Somo ana mdomo, jamani! Hata feni ya dari aliisengenya. Jioni shangazi alikuwa ananisimulia vituko vyake huku anajifuta machozi ya kicheko. Mjane asiye na mtoto, akipata wa kumchekesha, si haba.

Siku moja, zamu inakaribia kuisha, boksi la Somo likalia vizuri kwenye skana. Lakini kompyuta ilionyesha muda wa miaka mitano, na boksi lilisema mitatu. Somo alibadilisha maandishi akasahau msimbo, ukabaki na tarehe ya kazi iliyotangulia.

“Si imelia?” Somo akamwambia. “Pitisha bwana, watu wamechoka.”

“Imelia, ila inasema uongo. Nesi atamulika, ataamini, atamwekea mgonjwa mpira uliokwisha muda.”

“Nikiondoka mimi, utakaa na nani hapa?”

“Sina mtu,” shangazi akasema, na akagonga muhuri. Jioni alirudi nyumbani na wino mwekundu kidoleni.

Kesho yake Somo alihamia meza ndefu. Wakampokea kwa makofi: “Hata wewe umekataliwa! Karibu kundini!” Kumbe muda wote ule walikuwa wamemnunia Somo naye kwa sababu ya urafiki wake na shangazi, na yeye hakuwahi kulalamika. Siku hiyo alicheka nao. Shangazi alimsikia kutoka dirishani, akafunika kikopo chake kabla hajamaliza.

Aliponieleza nilifoka. “Mfuate umwambie! Kosa ni lake, halafu anakununia wewe? Hana hata haya!”

“Anajua, mwanangu.” Alikuwa anafuta meza ambayo ilikwisha kutakata. “Angekuwa hajui, angekuja kunigombeza. Walau ningepata wa kuongea naye.”