Wezi wa Waya Wangu Koboko

Jamani, nichekeni sasa hivi, kabla watu wa Koboko hawajawaletea habari yenyewe.

Mimi ni fundi wa Arua, nafunga makabati ya chuma ya mitambo ya simu. Koboko nilifunga moja nyuma ya duka la Mama Zubeda, nikashusha waya wa shaba ardhini ili radi isiunguze mitambo. Shimo la waya huo huchimbwa refu, kisha hujazwa makaa na chumvi kushika unyevu. Lakini jua lilikuwa kali, nami fundi hodari nikachimba kama mtu anayepanda maharage.

Asubuhi nikakuta udongo umefukuliwa, waya ungalipo. Nikafukia. Kesho yake tena! Shaba inapendwa na wezi, na mlango wa karibu ulikuwa wa Mama Zubeda. Nikamwendea chairman wa kijiji, naye akaita watu pale kwenye kabati.

"Mwizi iko hapa hapa," nikatangaza kama jaji, nikimkazia macho mama wa watu.

"Mimi nafanya nini na waya yako?" akauliza.

Kabla sijajibu, mbuzi watatu walipenya katikati ya watu, wakaanza kuparua shimo langu na kulilamba. Chairman akainama, akachovya kidole kwenye udongo, akaonja.

"Chumvi," akasema. "Na hii shimo, mbona iko juu juu hivi?"

Mama Zubeda aliingia dukani, akarudi na pakiti ya chumvi, akaniwekea mkononi mbele ya wote.

"Chukua, fundi. Wezi yako iko na njaa."