Mama wa Mabehewa

Mama mwenye kuagiza mabehewa mapya ya treni za mikoani haamini mchoro mpaka aukalie. Mchoro ukifika hutanguliza jina la Mungu, akauchora upya kwa chaki sakafuni, ukubwa ule ule wa behewa, akapanga viti vya ofisi na kuita, “Haya wanangu, treni inaondoka!” Nao hupanda na mizigo yao, wakitaniana kama abiria kweli.

Jana mjumbe wa kiwanda aling’ang’ania iongezwe safu moja ya viti, abiria wazidi. Mama hakubishana. Aliisonga safu hiyo ndani ya mistari ya chaki, akamkaribisha kiti cha dirishani, akampakatisha begi, mbele yake akamketisha mhasibu, pande la mtu. Magoti ya mjumbe yakabanwa.

“Umekaa vizuri, mwanangu?”

“Si haba, mama.”

“Alhamdulillahi. Safari ni saa tatu.” Akatoa uzi, akaendelea kufuma sweta ya mjukuu, hana habari.

Watu wakavunjika mbavu. Mjumbe akajipinda huku, akajipinda kule, jasho likamtoka.

“Mama, safu hiyo tuiache. Naomba kushuka.”

“Shuka, baba,” akasema kwa upole. “Wenzio je, wangeshukia wapi?”