Paipu ya Kwenda Mtaroni

Kyule alikuwa mtunza kisima wa zahanati moja kule Kyuso, mtu wa maneno machache, na mkewe Kavindu alikuwa mgonjwa wa figo. Kila damu yake ilipotakiwa kupimwa, ilibidi apelekwe Mwingi, na safari hiyo ilimchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana zahanati ilipopata mashine ya kupima damu, Kyule alishukuru Mungu kimoyomoyo.

Lakini mashine ilitaka maji yasiyo na chembe ya chumvi, na maji ya kisima kile hukausha ulimi. Halima, mkuu wa maabara, akamwita wapange mtambo wa kuyasafisha. Akamweleza mara mbili: kwa kila ndoo safi, kichujio kitatema ndoo mbili za chumvi kali, na hizo zitapita paipu yake mpaka mtaroni. Kyule akaitikia kwa kichwa. Moyo wake ulikataa. Nje ya ua akina mama walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri. Angemwagaje maji mchangani watu wakimtazama? Kumpinga Halima aliona haya. Alipokuwa akifukia paipu, akaipindisha, akairudisha kwenye tangi la maji ya kisima yaliyokuwa yakienda kusafishwa.

Chumvi ikawa inarudi juu ya chumvi. Mwezi haukuisha, kichujio kikaziba na mashine ikanyamaza. Kavindu alikuwa amepimwa mara moja tu.

Halima alifukua paipu kwa jembe mpaka akafika tangini.

"Baba Katunge," akamwambia Kyule, "nilisema mtaroni."

"Ulisema, daktari."

"Sasa mbona huku?"

"Yalikuwa maji," Kyule akasema.

Hakumfokea; afadhali angemfokea. Alimwambia tu kwamba kichujio kingine kitachukua muda, na hajui ni muda gani.

Siku hiyohiyo Kyule akaanza kuchimba njia ya paipu ya kwenda mtaroni. Mbithe, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya maji, akamuuliza anamchimbia nani kaburi. Wenzake wakacheka. Kyule akazidi kuinama.

Kichujio hakikuja. Miguu ya Kavindu ilivimba mpaka viatu vikamkataa, na Kyule akaita bodaboda ya kuwapeleka Mwingi. Akampandisha katikati, akaketi nyuma yake, akamfunga kwake kwa leso. Hawajafika mbali, Kavindu akaanza kutapika.

"Nirudishe nyumbani," akasema. "Sitafika."

Kyule akamkaza kifuani, akamwambia dereva aendelee.