Gari Lililoamka kwa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Mbeya mjini, Fundi Mkuu alinipa spana na kunionyesha gari dogo lenye mgongo kama kobe. "Angalia injini," akasema, akaenda zake. Nikafungua boneti. Ndani nikakuta gurudumu la akiba, kikapu cha viazi na khanga. Nikafunga, nikafungua tena. Mafundi wote walikuwa wameacha kazi wananitazama. Injini ilikuwa nyuma, mahali ambapo mimi ningeweka mizigo.

Fundi Mkuu aliporudi hakucheka. "Ambwene, injini usiitafute unapotaka iwe. Itafute ilipo."

Nyinyi mnaofungua magari ya leo mnakuta yanafanana kama ndugu. Miaka ile ya sabini kila nchi ilijitengenezea kwa akili yake. Nimewahi kushika gari lisilo na rejeta, injini inapozwa na upepo tu. Nimewahi kuona jingine ambalo mlango wake ulikuwa mbele, unaingia kama mtu anayeingia kabatini. Mengi yalikuwa na sura mbaya kama chura, na kuyatengeneza kulikuwa adhabu. Lakini likiingia moja getini, moyo wangu uliruka. Sababu sikuijua.

Baadaye nilihamishiwa Iringa, kwenye karakana ya Ipogolo, chini ya mlima. Mkuu wetu huko tulimwita Meneja. Alikuwa Mhehe mrefu, hodari na mwenye haki, na magari ya ajabu aliyachukia waziwazi. "Gari ni injini mbele, springi chini, breki mguuni," alisema. "Mengine ni Wazungu kukosa kazi."

Kisha akaja Mama Sekela na gari lake la Kifaransa.

Mama Sekela alikuwa mkunga, mtu wa kwetu Rungwe aliyehamia Iringa kikazi. Gari lile aliachiwa na daktari mmoja mgeni aliyeondoka nchini. Lilikuwa refu, pua imechongoka kama ya samaki, magurudumu ya nyuma yamefichwa na bodi. Usukani wake ulikuwa na mkono mmoja tu. Pedeli ya breki haikuwapo. Palikuwa na kitufe cha mpira sakafuni, mfano wa uyoga. Taa za mbele ziligeuka pamoja na usukani, kama macho ya mtu anayekuchungulia. Na halikuwa na springi. Lilibebwa na matufe ya chuma yenye gesi na mafuta ya kijani, na mafuta hayo hayo ndiyo yaliyosukuma breki na usukani.

Likizimwa, lilishuka taratibu mpaka tumbo likakaribia ardhi. Likiwashwa, liliinuka, nyuma kwanza, halafu mbele. Mfugaji mmoja kutoka Usangu, aliyekuja kufungiwa spoku za baiskeli jirani yetu, alilitazama likiinuka, akapiga mluzi.

"Hii inaamka kama ng'ombe," akasema. "Inaanza na matako."

Mama Sekela alinipakia siku moja tukaenda njia ya vumbi kuelekea vijijini. Mashimo niliyaona kwa macho, ila mgongo wangu haukuyasikia. "Sasa umeelewa?" akaniuliza. "Mama mwenye uchungu nikimlaza hapo nyuma, hatikisiki. Kwenye Landirova wanazalia njiani kwa kurushwa. Watu wananicheka, Ambwene, wananiambia natembelea mamba. Waache wacheke."

Nikasema nimeelewa. Lakini jioni, nikiwa nimelala chini ya gari lile na kurunzi, nikifuata bomba moja hadi lingine, niliona nimepotea. Nilifuata bomba la breki nikatokea kwenye usukani.

Mwisho wa masika bomba moja lilitoboka, mafuta yote ya kijani yakamwagika barabarani. Tulilivuta hadi karakana, likalala chini. Bomba nililiziba kwa shaba. Mafuta hayakuwapo Iringa nzima, na bidhaa za nje wakati ule zilikuwa za shida. Fundi mmoja akataka tutie oili ya breki ya kawaida. Nilikumbuka kusikia kwamba inakula mpira wa ndani, ila sikuwa na uhakika, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Meneja alitoa shauri lake. "Tung'oe hayo matufe yote. Kuna mzoga wa pikapu pale nyuma. Tufunge springi zake, na breki zake. Gari litatembea."

"Halitakuwa hili tena, Meneja," nikasema.

"Litakuwa gari."

Nilimwomba anipe siku chache, kwa kuwa tangu nikiwa Mbeya nilijua gari la aina ile limetelekezwa kule Uyole. Mama Sekela akakubali kusubiri. Nikapanda lori la mahindi.

Uyole nililikuta nyuma ya ghala, katika shamba la mzee mmoja wa Kisafwa. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Buti ilifunguka kwa shida, na ndani yake palikuwa na makopo mawili ya mafuta ya kijani, hayajaguswa. Nilikaa chini kwenye majani. Sikumbuki kama nilicheka au nililia.

"Chukua mafuta," mzee akaniambia. "Kuku uniachie."

Kurudi ndiko kulikonitesa. Malori hayakuwa na dizeli, na nilikaa kandokando ya barabara siku nyingi kuliko nilizoahidi. Nilipoingia karakanani Ipogolo na makopo yangu, mahali pa gari palikuwa patupu. Matufe yalikuwa yamepangwa ukutani, yamekatwa mabomba.

Mama Sekela aliingia mchana ule ule. Gari lilisimama juu, limenyanyua matako kama kuku anayefukuzwa, likigonga kila shimo la getini. Alishuka, akaona makopo mkononi mwangu.

"Walikuja kuniita kutoka Ilula," akasema. "Binti, mtoto amekaa vibaya, anavuja damu. Gari jingine halikupatikana. Meneja na vijana walikuwa wamebakiza kufunga breki tu, wakazifunga, nikaondoka."

"Ulimruhusu Meneja aanze kung'oa?"

"Nilimruhusu. Hukurudi, mwanangu."

"Na binti?"

"Mzima. Njia nzima alipiga kelele, kila shimo. Nikasema huyu ananifia humu humu ndani. Lakini mzima, na mtoto wake." Akagonga bati la gari kwa kiganja. "Hili ndilo limekufa."

Ningewahi, binti yule angesafiri bila kupiga kelele. Wangenisubiri, angekufa Ilula kando ya matenga ya nyanya. Na kama lori jingine lingenichukua mapema? Niligeuza jambo hilo kila upande, na sikupata wa kumkasirikia. Makopo niliyaweka rafuni, hayakufunguliwa.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya pale, nikawa fundi mkuu mwenyewe, nikafundisha wengi. Siku ya kunipa mkono wa kustaafu, Meneja alikuja, mzee sana, anatembelea mkongojo. Watu walipomaliza hotuba alivuta kiti karibu yangu.

"Kamwene, Ambwene," akanisalimia kwa Kihehe. "Nikuulize kitu?"

"Uliza, mzee wangu."

"Ile gari ya mkunga. Kwa nini ilikuwa inaanza kuinuka kwa nyuma?"

Nilianza kumweleza habari za matufe, pampu na uzito wa injini mbele. Nikafika katikati nikakwama. Nilijua kila bomba lilipopita, ila hilo aliloniuliza sikuwahi kujiuliza.

"Sijui, Meneja," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nadhani wewe unajua," akasema. "Kila nilipokata bomba moja nilikuwa nawaza, Ambwene akirudi nitamuuliza."