Nilipeleka posa kwa soneti, nikakataliwa kwenye mshororo wa nane

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na marahaba kwa waliobaki, ambao kwa umri wangu ni karibu wote.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu za kutunga uongo. Haya yalinikuta mwenyewe, Bagamoyo, miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa. Mwalimu wetu mmoja Mzungu alitufundisha soneti, shairi la mishororo kumi na minne. Minane ya kwanza unaweka tatizo. Wa tisa unageuza habari. Miwili ya mwisho unafunga.

Nikaipenda. Nikaona mashairi yetu ya beti za mishororo minne minne ni ya wazee. Ujana una mambo, wakuu.

Basi nikampenda Mwanaidi, binti wa Mzee Kombo, fundi wa milango ya nakshi. Mzee alikuwa mshairi, na kwake posa ilipokelewa kwa shairi tu. Barua husomwa barazani mbele ya watu. Msomaji akimaliza beti mbili ananyamaza, mwenye binti anajibu. Akikubali, kusoma kunaendelea. Akikataa, mnakunywa kahawa mnakwenda zenu.

Ninyi mmeshaliona shimo. Mimi sikuliona.

Vina na mizani nilivitimiza, sikuwa mjinga kiasi hicho. Tatizo langu la mishororo minane lilikuwa kwamba sitaki kuoa. Lilianza hivi:

Niliapa sitaoa, nitakaa peke yangu.

Yakafuata malalamiko mengine saba kuhusu ndoa! Mshororo wa tisa ndipo namwona Mwanaidi, kiapo kinayeyuka. Tamu kweli kweli.

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga. Akasoma kwa madaha beti mbili, yaani mishororo minane. Akanyamaza, kama desturi.

Mzee Kombo akaweka kikombe chini.

"Kijana ameapa," akasema. "Sisi hatumvunjii mtu kiapo chake."

"Mzee wangu, bado inaendelea."

"Nimeshajibu. Kahawa hiyo, karibuni."

Mjomba alirudi nyumbani akavua kofia akaitupa kitandani. "Umenituma nikamtukane mtu barazani kwake!"

Nililia, sifichi. Ijumaa ilikuwa inakuja barua ya posa ya mtu wa Lugoba, na mashairi ya huyo yalikuwa ya kawaida kabisa.

Kumbe barua yangu ilibaki mkekani. Mwanaidi akaiokota, akaisoma mpaka chini, akahesabu. Beti tatu kamili, na nusu. Mimi nilikuwa nimefunga hivi:

Nimekuja kwa adabu, nipokee mlangoni,
Nifanyie matibabu, mwenzio yu taabani.

Akachukua kalamu, akaongeza chini yake:

Baba, huyu si ajabu, kasomea ugenini,
Nitamfunza hesabu, tukishafika nyumbani.

Asubuhi akaiweka karakana, juu ya mbao za baba yake.

Fundi akiona kitu kimeungwa, lazima akague kiungo. Mzee akaanza juu kabisa, anahesabu mizani kwa vidole, na kwa kuhesabu huko akaupita mshororo wa nane bila kukusudia.

Wanasema alicheka mpaka patasi ikamdondoka. Akamwita mjomba siku ileile. "Mwambie aje. Mlango wake wa mabawa mawili ulikuwa na bawa moja, binti yangu kaweka la pili."

Mtu wa Lugoba, popote ulipo, samahani.

Nilichojifunza ni kwamba soneti haina kosa. Kosa lilikuwa langu, kuweka utamu kwenye mshororo wa tisa mbele ya watu wanaosimama kwenye wa nane. Ukitaka kugeuza habari, jua kwanza msikilizaji wako anapumzikia wapi.

Mwanaidi wangu yuko hapa pembeni, miwani puani, anahesabu nilichoandika. Anasema bado imepungua mistari miwili.

Haya, wakuu, nimalizieni.